Mshono

Kwa maana yake ya asili, mshono ni mstari wa uzi unaounganisha vipande viwili vya kitambaa, lakini kwa mafundi cherehani wa Tunduma, mkoani Songwe, kama ilivyo kwingineko Tanzania, neno hilo hubeba pia maana ya ubunifu wenyewe, yaani umbo la nguo ambalo mteja hulichagua kwenye picha ya simu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Huo ni ubunifu wa pili katika safari ya kitenge, kwa kuwa ule wa kwanza, wa maua na rangi, huwa umekwisha kuamuliwa kiwandani, mara nyingi China, na zamani hata Urafiki, kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968. Muuza majora, yaani vitambaa vizima visivyokatwa, hawezi kuubadili. Awezalo ni kukisia ua litakalopendwa pande zote mbili za mpaka, maana ng'ambo, Nakonde nchini Zambia, kitenge hicho hicho huitwa chitenge. Ua kubwa likiangukia vibaya kifuani, au kitambaa kikipungua nusu yadi, fundi hulazimika kubadili mshono palepale, na lawama, isivyo haki, humwangukia yeye.