Kutoka Biryogo hadi Nyabugogo: Lugha, Ujirani na Malezi ya Mtoto Mwenye Pumu Jijini Kigali

Kiswahili kiliingia Kigali pamoja na mji wenyewe. Richard Kandt alipoweka makao ya utawala wa Kijerumani hapo mwaka 1907, lugha hiyo ilikuwa tayari ya askari na wafanyabiashara waliofika na utawala huo. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu wa mjini walitengewa eneo la Biryogo, na jina “Mswahili” likabeba maana ya mtu wa mjini, Mwislamu na mgeni. Hivyo lugha ikawa alama ya kutengwa na, papo hapo, kiungo cha majirani waliotegemeana.

Nyabugogo ina historia tofauti. Katika kituo chake kikuu cha mabasi hukutana abiria wa nchi jirani, na Kiswahili ni lugha ya madereva, wapagazi na wachuuzi. Wazungumzaji wake hawaunganishwi na makazi, bali na kazi na safari.

Tofauti hiyo ina uzito katika historia ya afya. Tangu mwaka 1995 Rwanda imejenga mtandao wa washauri wa afya wa jamii, abajyanama b'ubuzima, wanaochaguliwa na wakazi wenzao katika kila umudugudu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, walikabidhiwa hasa malaria, nimonia na kuhara: maradhi ya ghafla yanayotibiwa kwa siku chache. Pumu haina tabia hiyo. Kifua kinachobana na kutoa mlio huweza kudhaniwa nimonia. Na dawa ya kuzuia hutumiwa hata siku ambayo mtoto anakimbia na kucheka.

Kwa hiyo mzazi huhitaji ujuzi wa kila siku: kutofautisha inhela ya kutuliza shambulio na ile ya kuzuia, na kumwezesha mtoto kuvuta dawa ifike mapafuni. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani. Ujuzi wa aina hii hupokewa vyema kutoka kwa mzazi mwenzake aliyekwisha kukesha na mtoto anayetweta.

Rwanda inao utamaduni wa mafunzo hayo. Akagoroba k'ababyeyi, yaani jioni ya wazazi kama ilivyoitwa awali, huwakutanisha majirani kujadili malezi. Hata hivyo, nao umefungamanishwa na makazi, ilhali mama anayechuuza Nyabugogo tangu alfajiri hadi usiku hana jioni ya kuhudhuria.

Mwaka 2016 Rwanda ilitunga sheria ya kuhifadhi ubora wa hewa. Mwaka 2017 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sheria hizi mbili hukutana katika kifua cha mtoto anayelelewa kando ya mabasi. Hadhi ya lugha itapimwa kwa mambo madogo: maelekezo ya dawa yanayosomeka kwa Kiswahili, na vikundi vya wazazi vinavyokutana mahali pa kazi, saa za kazi, vikiunganishwa na kituo cha afya. Ujirani wa Nyabugogo upo. Sera ndiyo bado inautafuta kwenye nyumba, wakati wenyewe wapo sokoni.