Jicho la Wavu: Samaki wa Ziwa Victoria Walivyohesabiwa

Nyavu za kutega za nyuzi za kitani ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, kwenye Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam. Reli ilikwisha fika Kisumu miaka minne kabla, hivyo soko la samaki aitwaye ngege lilikuwa tayari. Mwanzoni wavu mmoja ulitoka na makumi ya ngege. Miaka ishirini baadaye walionaswa kwa wavu mmoja waliweza kuhesabiwa kwa vidole.

Upungufu huo ndio uliomleta mtafiti Michael Graham kutoka Uingereza mwaka 1927. Alitega nyavu za macho ya ukubwa tofauti, akalinganisha zilichonasa. Jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa mpaka likafumba, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Lenye inchi 5 humnasa ngege mkubwa na kumwacha mdogo apenye. Ripoti yake ya 1929 ilitaka inchi 5 ziwe kikomo cha chini na ziwa zima liwe na msimamizi mmoja. Kikomo kiliwekwa, lakini kila ngege alipopungua mvuvi alipunguza jicho ili apate chochote, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 sharti hilo lilikwisha ondolewa pande zote za ziwa.

Hesabu kubwa zaidi ilifuata mwaka 1969 hadi 1971, kwa meli ya utafiti Ibis. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: upana wa mdomo wa wavu unaokokotwa, mara umbali uliokokotwa, hutoa eneo lililofagiliwa, kisha uzito wa samaki wa eneo hilo hukuzwa kulingana na ukubwa wa ziwa. Kiasi cha asilimia 80 ya uzito huo walikuwa furu, samaki wadogo ambao wafanyabiashara hawakuwathamini. Mwanza ikajengewa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Hesabu hiyo ilifaa kwa ziwa la 1971, na ziwa hilo halikudumu. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950, alifurika miaka ya 1980 na kuwala furu karibu wote. Dagaa, ambao wavu uliokokotwa chini haukuwanasa vizuri, ndio waliostawi.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Tangu 1999 meli hupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi, hasa kutoka kwenye kibofu cha hewa cha samaki. Dagaa sasa huonekana. Samaki anayelala topeni au kwenye maji ya kina kifupi bado hujificha. Kwa hiyo kukokota hakukuachwa, na kwenye mialo mitumbwi na nyavu huhesabiwa pia.

Kikomo cha ukubwa nacho kilirudi: sangara wa kupelekwa kiwandani aliwekewa kipimo cha urefu wa sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya hapo kwa kawaida hajazaa. Aliyezidi mara nyingi ni jike lenye mayai mengi kuliko wengine.