Upelelezi wa marabu, Eastlands

Upelelezi wa marabu ni kazi ya kufuatilia mienendo ya korongo marabu (Leptoptilos crumenifer), ndege mkubwa mwenye upara, katika Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mbinu zake ni zile zile za wawindaji wa bata mzinga mwitu nchini Marekani, ambao majira ya kuchipua hutangulia porini kutafuta mti anakolala ndege, mahali anapokula na njia anayopitia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na bata mzinga mwitu haishi huku. Kwa hiyo mpelelezi wa Eastlands hubeba darubini na daftari tu.

Kazi huanzia kwenye malalo. Kundi linalojulikana zaidi jijini hulala na kuzaa juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo. Kutega sikio alfajiri hakusaidii sana, kwa kuwa marabu ni mkimya. Hugonganisha mdomo na kukoroma akiwa kiotani. Afadhali kutazama chini, penye majani na lami iliyotapakaa kinyesi cheupe. Marabu hujinyea miguuni ili kujipoza, ndiyo maana miguu yake, ambayo kwa asili ni ya kijivu hadi myeusi, huonekana myeupe.

Hatoki mapema. Hungoja jua lipashe ardhi, hewa ya joto ipande, kisha hutandaza mabawa yanayoweza kuzidi mita 2.5 na kupaa bila kuyapiga sana, shingo ameikunja, tofauti na korongo wengine. Wakionekana wengi wakizunguka juu ya Kariobangi na Korogocho, aghalabu wanashuka kwenye jaa la Dandora.

Jaa hilo lilifunguliwa miaka ya 1970 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga. Marabu husimama bega kwa bega na waokota taka, akisubiri lori liinue sanduku lake, kisha hudaka utumbo na makombo, pengine pamoja na mfuko wa plastiki. Wengi humwita mchafu, na hapo anaonewa. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ulipima watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Taka hizo ni zetu, si zake. Asiye mwenyeji aende na mkazi wa mtaa, na asimpige mtu picha bila idhini yake.

Kule Ruai, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, mtu huona pia bata, membe na ndege wahamiaji kutoka kaskazini. Aombe ruhusa langoni.

Msimu wa kuzaliana ni kiangazi. Madimbwi hupungua, samaki na vyura hubanana, mizoga huongezeka, basi chakula cha makinda hupatikana kwa urahisi. Jike hutaga mayai 2 au 3, wazazi wote wawili huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja, na kinda hukaa kiotani karibu miezi 4.

Zamani manyoya laini ya chini ya mkia wa marabu yalipamba kofia Ulaya. Siku hizi mengi yanayouzwa kwa jina la marabu hutoka kwa bata mzinga.

Kumbukumbu za mpelelezi hupelekwa Kenya Bird Map, mradi ulioigawa nchi katika vipande vya kilomita 9 hivi kila upande. Orodha kamili huhitaji angalau saa 2 ndani ya kipande kimoja.