Fahali Wawili wa North Carolina: Ushindani, Ushabiki na Adabu ya Ulimi

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, wako fahali wawili ambao wamekaa zizi moja kwa zaidi ya miaka mia moja, na kupigana kwao ndiko kulikowapatia sifa. Fahali hao ni vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko mji wa Chapel Hill, na Chuo Kikuu cha Duke kilichoko Durham. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa kilomita 16 hivi tu. Uwanja wao wa vita ni mpira wa kikapu. Katika makala haya twapenda kueleza asili ya ushindani huo, na zaidi ya hayo kuitazama silaha moja ya mashabiki ambayo yatuhusu sana sisi walimu wa lugha, nayo ni ulimi.

Kwanza yafaa tujue kwamba wapinzani hawa hawakulelewa namna moja. Chuo cha Chapel Hill ni mali ya umma. Kilifungua milango yake mwaka 1795, na wengi wa wanafunzi wake ni watoto wa jimbo lenyewe. Duke ni chuo cha binafsi. Kilianza kama shule ndogo ya vijijini, kikaitwa Trinity, kikahamia Durham mwaka 1892, na mwaka 1924 kikachukua jina la ukoo wa Duke baada ya kupewa fedha nyingi na James B. Duke, tajiri wa tumbaku na umeme. Wanafunzi wake wengi hutoka majimbo mengine, na ada yake ni kubwa. Kwa hiyo timu hizi zikutanapo, hukutana pia mwenyeji na mgeni, mali ya umma na mali ya tajiri. Hata rangi zao ni za ndugu wasiopatana: wote huvaa buluu, mmoja buluu ya anga, mwingine buluu iliyokoza.

Mchezo wao wa kwanza ulifanyika Januari 24, 1920, Duke ikiwa bado yaitwa Trinity, na Chapel Hill ikashinda. Tangu hapo visa vimekuwa vingi. Mwezi Februari 1961 wachezaji walipigana ngumi uwanjani, na watatu kati yao wakafungiwa. Mwezi Machi 1974 Chapel Hill ilikuwa nyuma kwa pointi nane, na saa ikionyesha sekunde 17 tu zimesalia; ikazirudisha zote, kisha ikashinda katika muda wa nyongeza. Mwezi Februari 1979 Chapel Hill iliamua kuushika mpira bila ya kushambulia, hata nusu ya kwanza ikaisha Duke ikiwa na pointi 7 na wageni wakiwa hawana hata moja. Nusu ya pili kila upande ulipata pointi 40. Mtu aliyeondoka wakati wa mapumziko kwa kuchoka aliukosa mchezo wote.

Sasa tuwatazame mashabiki. Ukumbi wa Duke, ambao leo huitwa Cameron, ulifunguliwa mwaka 1940. Ni mdogo, nafasi zake ni 9,314 tu, na wanafunzi hupangwa kando kabisa ya uwanja, karibu ya kumgusa mchezaji arushaye mpira kutoka nje. Kwa sababu nafasi ni chache na wazitakao ni wengi, tangu mwaka 1986 wanafunzi hupiga mahema nje ya ukumbi na kulala humo kwa majuma kadhaa katika baridi ya Januari na Februari, wakingojea mchezo wa Chapel Hill. Majina huitwa hata usiku wa manane, na hema lisilo na mtu wa kuitika hupoteza nafasi yake. Kule Chapel Hill nako, timu ikishinda, maelfu hujimwaga katika barabara ya Franklin na kuwasha mioto.

Lakini watu waliosongamana karibu hivyo na uwanja wana kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kusema. Husimuliwa kwamba ule wimbo wa dhihaka anaoimbiwa mchezaji ambaye mpira wake haukugusa hata chuma cha kikapu ulizaliwa humo ukumbini, katika mchezo ule wa 1979. Huo ulikuwa utani. Baadaye utani ukageuka matusi. Januari 14, 1984, Duke ilipocheza na Maryland, mashabiki walimwandama mchezaji mmoja mgeni aliyekuwa ametuhumiwa kwa jambo la aibu. Walimtupia nguo za ndani za kike, na maneno yaliyotoka vinywani mwao hayasemeki mbele ya wazazi.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Terry Sanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Tena yeye mwenyewe alikuwa amesoma Chapel Hill! Hakutoa amri wala hakutisha kumfukuza mtu. Aliwaandikia wanafunzi barua. Aliwaambia kwamba kumtia hofu mgeni si lazima kwa uchafu wa maneno, bali kwa akili na madaha; akawaachia wao wenyewe wajirudi. Chini yake akatia sahihi kama mjomba wao. Twaona kwamba alichagua vema, kwani katika jamii zetu nyingi pia mjomba ni mtu wa kutaniwa na wa kusikilizwa.

Siku chache baadaye, Januari 21, Chapel Hill ilifika Durham, Michael Jordan akiwa mmoja wa wachezaji wake. Wanafunzi walikuwa wamejitengenezea duara za waya na karatasi ya kung'aa, wakazivaa vichwani kama malaika. Mabango yao yalimkaribisha kwa heshima Dean Smith, kocha wa wageni. Mgeni alipojiandaa kutupa mpira wa adhabu, walimwomba tafadhali akose. Refa alipokata shauri wasilolipenda, badala ya tusi la siku zote waliimba kwa sauti moja kwamba wanaomba radhi, lakini hawakubaliani naye. Duke ilishindwa siku ile kwa 78 kwa 73, lakini maneno yale yakumbukwa hata leo.

Hapa ndipo tofauti ya utani na matusi inapoonekana. Mwenye kutukana ahitaji kinywa tu. Mtani ahitaji akili, na zaidi ya akili, ahitaji kumjua na kumthamini yule anayemtania. Jambo hili lilithibitika mwaka 2015. Dean Smith, aliyeifundisha Chapel Hill tangu 1961 hadi 1997 na kushinda michezo 879, alifariki mwezi Februari. Siku kumi na moja baadaye timu zilikutana Durham, katika ukumbi ule ule. Kabla ya mchezo, wachezaji na makocha wa pande zote mbili walipiga magoti katikati ya uwanja, wameshikana mabega, wakamkumbuka. Kisha wakainuka na kupambana hadi muda wa nyongeza, Duke ikashinda kwa 92 kwa 90.

Ushindani haukupoa kwa heshima hiyo. Mwaka 2022 Mike Krzyzewski, kocha wa Duke tangu 1980, alipostaafu, Chapel Hill iliharibu sherehe yake ya kuaga nyumbani, kisha Aprili 2 ikamtoa katika nusu fainali ya taifa kwa 81 kwa 77. Huo ndio uliokuwa mchezo wake wa mwisho.

Shuleni kwetu nako michezo ina mashabiki, na matusi yao twayasikia. Mara nyingi twawanyamazisha kwa kiboko au kwa filimbi. Labda yafaa tujaribu njia ya mjomba: kabla ya mchezo, darasa la Kiswahili lipewe kazi ya kutunga kejeli isiyo na neno hata moja la kuonewa haya. Atakayejaribu ataona kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko kutukana, na kwamba ndani yake mna methali, vina na mafumbo tunayoyafundisha kila siku.