Ziwa Moja, Sheria Tatu

Kutoka Mbinga, barabara inateremka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, na hapo ndipo Ziwa Nyasa. Wanyasa wa mwambao huu wana ndugu Likoma, upande wa Malawi, na Cóbuè, upande wa Msumbiji. Lugha wanaelewana, samaki ni walewale. Inayowatenganisha ni sheria.

Mwaka 1930 Waingereza waliziwekea Tanganyika na Nyasaland kanuni za adhabu zinazofanana: ngono walioiita “kinyume cha maumbile” ilikuwa na kifungo cha hadi miaka 14. Malawi imebaki hapo. Mahakama yake iliiunga mkono sheria hiyo Juni 2024. Sisi tuliongeza: tangu 1998, kifungu cha 154 kinatoa miaka 30 hadi maisha. Msumbiji, iliyorithi sheria za Wareno, iliiondoa adhabu hiyo 2015.

Basi nikiambiwa kwamba adhabu hii ni mila yetu, huuliza: mila ya ufukwe upi?

Swali hili linagusa uhai. Februari 2017 serikali yetu ilisimamisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyowapokea mashoga na wengine walio kwenye hatari zaidi. Aliyebaki na hospitali ya kawaida hupima kila neno kabla ya kulisema.

Msumbiji nako si peponi: chama cha Lambda kiliomba usajili 2008, kikakaa miaka mingi bila kuupata. Lakini kule mgonjwa anamweleza daktari ukweli wake bila kuhofia jela.