Ushuru wa Asilimia 5

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani: meli zake zingelipa ushuru wa asilimia 5 tu wa bidhaa zilizoshushwa, bila ya tozo nyengine. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliwasili Unguja, akiwa konseli wa kwanza wa Marekani. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Ikaingia merikani, nguo iliyobaki na jina la ilikotoka. Zikatoka pembe na sandarusi.

Lakini bandari haikunawiri kwa wepesi wa ushuru pekee. Karafuu zilichumwa na watumwa, ambao soko lao lilifungwa mwaka 1873. Mgeni aliyekuja kwa hiari alipewa mkataba. Aliyeletwa kwa nguvu hakupewa hata ujira.