Nani Alikuwa Ndani ya Ndege? Vita vya Angani Vilivyopita juu ya Bukavu

Wanajeshi wastaafu wa Bukavu wakikutana, wawe wa ANC, jeshi la taifa la miaka ya 1960, au wa FAZ, jeshi la Rais Mobutu, ubishi haukawii kufika kwenye ndege. Kuna wanaoapa kwa T-28, ile ya propela iliyotikisa Kivu nzima. Kuna wasiotaka hata kusikia habari za propela: kwao ndege ni Mirage, basi. Wadogo zao waliotumikia FARDC, jeshi lililofuata, huingia na Sukhoi 25, na hapo sauti hupanda. Wanabishania kasi, mabomu na umbali. Mimi ninavyoona, swali zito zaidi ni nani aliyekuwa ndani ya hizo ndege.

Jeti ya kwanza kutikisa vita vya Kongo haikuruka Kivu, iliruka Katanga. Septemba 1961, Fouga Magister moja ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ndege iliyoundwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani, iliwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa kwa siku kadhaa. Iliwapiga Waairishi wa kikosi hicho waliozingirwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na ikaharibu ndege za usafiri zilizoegeshwa viwanjani. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita hata moja ya kuizuia. Rubani wake alikuwa Mbelgiji. Muda mfupi baadaye Sweden ikaleta J 29, Ethiopia ikaleta F-86 Sabre, India ikaleta Canberra, na enzi ya Fouga ikaisha. Wastaafu wenye busara huanzia hapa: ndege dhaifu isiyo na mpinzani angani hufanya makubwa.

Bukavu yenyewe iliijua T-28 mwaka 1964. Waasi wa Simba walikuwa wameshika nusu ya mashariki, na Agosti mwaka huo wakaingia mjini. Kanali Léonard Mulamba, ambaye mwaka uliofuata angekuwa waziri mkuu, alisimama na askari wake, na T-28 zikamsaidia kutoka juu. Ilikuwa ndege ya Kimarekani ya mafunzo, viti viwili kimoja nyuma ya kingine chini ya kifuniko kirefu cha kioo, injini ya duara puani, na chini ya mabawa bunduki za rashasha na mirija ya roketi. Haikuwa na kasi ya kujivunia. Lakini iliweza kuzunguka juu ya kilima kimoja kwa muda mrefu, kushuka chini ya mawingu, kufuata bonde, na kurudi tena pale pale. Kwa nchi yetu ya milima, ukungu na migomba, hilo ndilo lililoumiza.

Walioiendesha walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, wakilipwa na CIA. Aprili 1965 Che Guevara akavuka Ziwa Tanganyika kuingia upande wa Fizi na Wakuba wa Castro, na tangu hapo hadi alipoondoka Novemba, Wakuba walikuwa chini msituni na Wakuba walikuwa juu angani, wakiwindana katika nchi isiyo yao. Kila nikiisoma habari hiyo nawafikiria Wabembe wa Fizi waliokuwa na mashamba yao katikati.

Kisha ikaja 1967, mwaka ambao wazee wa mitaa yetu ya Ibanda na Kadutu bado wanautumia kuhesabia umri. Mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme walioiasi serikali, zaidi ya 100, pamoja na mamia ya askari wa Katanga, waliuteka mji Agosti na kuushikilia hadi mwanzoni mwa Novemba. ANC iliwazingira, na T-28 pamoja na ndege za mabomu za B-26 zikaupiga mji huu huu ambao mwaka 1964 T-28 zilikuwa zimekuja kuuokoa. Wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Schramme na watu wake walipovuka mto Ruzizi kuingia Shangugu, Rwanda, waliiacha Bukavu ikiwa magofu. Kwa hiyo anayeisifu T-28 mbele ya mama aliyerudi akakuta nyumba yake haina paa, aisifu kwa sauti ya chini.

Sasa Mirage. Mobutu alianza na Aermacchi MB-326 za Italia, kisha miaka ya 1970 akanunua Mirage 5 kutoka Ufaransa, zenye uwezo wa karibu mara mbili ya kasi ya sauti. Wanaoipinga wana hoja nzuri. Kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, kutoka Bukavu hadi Uvira ni dakika saba hivi: rubani ataona nini bondeni? Bawa lake la pembetatu liliilazimu kutua kwa kasi kubwa, ikifungua parashuti mkiani ili isimame, na kila parashuti ilihitaji fundi wa kuikunja upya kabla ya safari nyingine. Kituo chake kilikuwa Kamina, mbali na huku. Vipuri vikaadimika, ajali zikazipunguza, na kabla Mobutu hajaanguka zilikuwa zimekoma kuruka.

Hata hivyo nawaelewa wanaoitetea. Ndani ya Mirage alikaa Mzaire, kama Mkongo alivyoitwa enzi hizo, kijana aliyepelekwa kusomea Ufaransa. Ziliruka katika vita vya Shaba, jina la Katanga wakati huo, mwaka 1977. Mwaka 1983 zikapelekwa hadi N'Djamena kumuunga mkono Rais Hissène Habré wa Chad. Kwa askari aliyekuwa amezoea kuona Wabelgiji na Wakuba wakishuka kwenye ndege za jeshi lake, kumwona mwenzake akivua kofia ya urubani kulikuwa na uzito usiopimwa kwa kasi.

Uzito huo haukudumu. Vita vya waasi wa AFDL vilipoanza, na Bukavu kuanguka mwishoni mwa Oktoba 1996, Mobutu alikodi tena mamluki, wakiwemo Waserbia. Tarehe 17 Februari 1997 ndege za serikali yake zikaipiga Bukavu kwa mabomu na kuua raia, siku ile ile zilipopiga Shabunda na Walikale.

Wanaoiita Sukhoi 25 ndege ya kisasa wakumbuke kwamba iliruka mara ya kwanza mwaka 1975. Kongo ilizipata kutoka Georgia. Haifikii kasi ya sauti, na imekingwa kwa madini ya titani ili rubani astahimili risasi za kutoka chini. Kwa kazi yake iko karibu na T-28 kuliko Mirage. Tarehe 24 Januari 2023 moja ilipigwa kombora ikikaribia kutua Goma, Rwanda ikidai iliingia anga yake na Kongo ikikana, na ikatua huku ikiwaka moto ubavuni. Mwaka huo huo zikaja droni za Kichina aina ya CH-4, zikiruka kutoka Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, bila mtu ndani. Februari 2025 waasi wa M23 wakauteka uwanja wa Kavumu tarehe 14, na siku mbili baadaye wakaingia katikati ya mji.

Ireland iliwapa medali askari wake wa Jadotville mwaka 2017, baada ya miaka 56. Marubani wa Mirage waliokwenda N'Djamena, na mafundi waliokunja zile parashuti Kamina, sijaona kitabu chenye majina yao ambacho mtoto wa Bagira hapa Bukavu anaweza kukishika akakisoma.